Mkono Uliopona kwa Simu

Katika kabati la nchi ya mbali, ikiwa karatasi za kule hazijachomwa, imo ripoti yenye jalada la bluu isemayo kwamba mkono wa kulia wa mama mmoja wa Temeke ulipona kwa njia ya simu. Ripoti ile niliiandika mimi. Kiingereza chake hakina kosa, kwani nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu miaka michache tu kabla yake, na sarufi ndiyo mali pekee niliyotoka nayo. Mkono wenyewe niliwahi kuushika. Haukuwa umepona.

Siandiki haya kwa ajili ya toba. Toba ina heshima yake, na katika jambo lile sikuona heshima yoyote, kwangu wala kwa wakubwa wangu. Naandika kwa sababu mwezi uliopita nilimwona mkurugenzi wetu wa zamani kwenye televisheni, kichwa cheupe sasa, akieleza namna tiba ya viungo inavyoweza kumfikia mgonjwa popote alipo kwa simu ya mkononi. Alisema yeye alilianza zamani jambo hilo, tangu enzi za simu ya waya. Mtangazaji akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Mimi nilizima televisheni.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa ajira. Madukani palijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini kila kona, na watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari sasa walibishana juu ya aina za televisheni. Sisi wahitimu, ambao kaka zetu walipangiwa kazi na serikali kabla hata hawajavua majoho, tuliambiwa tujitafutie. Nilijitafutia miaka miwili nikiwa nyumbani kwa wazazi wangu Kipawa, karibu na uwanja wa ndege. Baba, mwalimu mstaafu aliyehamia kutoka bara, aliamini kwamba cheti ni kama mbegu, kikifukiwa mahali pake kitaota. Kila ndege ilipopita juu ya bati letu alinyamaza katikati ya sentensi, akasubiri, kisha akaendelea na nasaha pale pale alipoishia.

Kazi niliyoipata ilikuwa kwenye mradi wa wafadhili, katika nyumba ya kupanga huko Kinondoni yenye kiyoyozi kimoja, nacho kilikuwa chumbani kwa mkurugenzi. Yeye alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na shahada ya uongozi wa biashara, suti tatu, na desturi ya kusema "kule kwa wenzetu" kabla ya kila hoja. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alifunga tai hata mwezi wa pili, jasho likimtiririka kuanzia mlangoni hadi kwenye gari, na nadhani aliihesabu hali hiyo kuwa sehemu ya elimu yake.

Wazo lenyewe, nikiri, halikuwa la kijinga. Mgonjwa wa kiharusi akitoka hospitali anahitaji kunyooshwa viungo kila siku kwa miezi, na wataalamu wa kazi hiyo mjini walikuwa wachache mno. Anayekaa Chanika au mwisho wa Temeke angefikaje hospitali kila siku kwa mguu usiomtii? Basi tiba na imfuate nyumbani. Kila mgonjwa alipewa kanda ya kaseti yenye maelekezo ya mazoezi, pamoja na mpira mmoja wa tenisi. Kisha mara moja kwa wiki alipigiwa simu na mshauri, akaulizwa maendeleo yake, akatajiwa zoezi linalofuata. Asiye na simu, na karibu wote hawakuwa nayo, alitoa namba ya jirani aliye nayo.

Mshauri huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma fasihi na historia. Sikuwa nimewahi kumnyoosha mtu hata kidole.

Maelekezo ya kanda niliyatafsiri mwenyewe kutoka kijitabu alichokuja nacho mkurugenzi. Baadaye sana niligundua kwamba kijitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya watu waliovunjika mkono na kutolewa plasta, si waliopooza. Jalada lake lilikuwa limetoka, na hakuna aliyeuliza. Mimi nilishughulika na lugha. Palipoandikwa kwamba mgonjwa aubane mpira, niliona "bana" ni neno la fundi seremala, na "finya" lilinikumbusha adhabu za shule ya msingi. Nikachagua "fumbata". Fumbata mpira, hesabu hadi kumi, legeza. Nilijirekodi katika chumba cha nyuma, feni imezimwa ili isisikike, na nilipojisikiliza niliona fahari. Nilidhani nimekitendea Kiswahili jambo jema.

Mtaalamu wa kweli tulikuwa naye mmoja, kwa kuwa wafadhili walitaka liwemo jina la mtaalamu. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mnyoosha viungo kwa taaluma, aliyepunguzwa kazi hospitalini katika wimbi lile la kupunguza wafanyakazi. Alizipaka nywele rangi nyeusi hadi ngozi ya paji la uso nayo ikashika rangi. Alibishana na kila mtu, na mlipozungumza alikukamata kiwiko akakisukuma huku na huku kana kwamba anakitafutia kasoro. Walimwekea meza ukumbini, karibu na friji, na kazi yake ilikuwa kusaini.

"Mkono haunyooshwi kwa waya," alimwambia mkurugenzi siku ya kwanza, mbele yetu wote.

"Mzee, dunia imehama."

"Imehamia wapi? Mikono mbona imebaki hapa hapa?"

"Kule kwa wenzetu..."

"Kule kwa wenzenu kuna lifti na lami. Mie nipeni baiskeli niwafuate wagonjwa."

Hakupewa. Wafadhili walikuwa wamelipia teknolojia, na baiskeli, alisema mkurugenzi, ilikwisha vumbuliwa. Mzee akasusa kwa namna yake. Alikataa hata kuisikiliza kanda yangu. Alisema yeye tiba huishika, haisikilizi. Akaisaini bila kuisikia, kwa kalamu ya wino, jina lote na cheo. Kwa muda mrefu nilipenda kumfikiria yeye kama mtu safi pekee katika nyumba ile. Si kweli. Angeisikiliza dakika moja tu, mengi yangeepukika. Lakini kiburi chake kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi kama nywele zake, na hakikutaka kuguswa.

Simu ya kila mgonjwa ilipewa dakika tatu. Mbele yangu nilikuwa na fomu yenye maswali matano, na kila swali lilikuwa na visanduku vitatu: nzuri, wastani, mbaya. Hali ya jumla ya mgonjwa? Hali ya kiungo? Mazoezi anafanya? Nilikuwa natia alama, nakata, napiga inayofuata. Laini ilipokoroma au kuingiliana na mazungumzo ya watu wengine, nilipaza sauti hadi mkurugenzi akafunga mlango wake.

Sasa naomba msomaji anisikilize vizuri hapa, kwa sababu huu ndio upumbavu ambao mzungu asingeweza kuufanya. Ulihitaji mtu aliyezaliwa nao. Sote tunajua jinsi habari inavyotolewa kwetu. Mtu anatoka safari, anakaribishwa kiti. Habari za huko? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mama? Mzima, anakusalimu. Mvua? Zimenyesha. Kisha kimya kidogo, anakohoa, anatazama chini. "Lakini baba hatunaye, tumemzika Jumatano." Hakuna anayemshangaa kwamba alianza na "nzuri". Ndivyo mtu mwenye adabu anavyoifikia habari mbaya: huvuka nyua kadhaa kwanza, na kila ua una mlango wake, na kila mlango una hodi yake. Baba yangu mwenyewe aliutangaza msiba wa mdogo wake kwa mtindo huo, baada ya kueleza kwa kirefu habari za migomba. Nilikuwa nayajua haya toka utotoni. Nilikuwa nayajua, na nikakaa mbele ya fomu ile wiki baada ya wiki nikitia alama kwenye "nzuri" ya mlango wa kwanza.

Mama ninayemkumbuka alikuwa mwenyeji wa Pwani, mjane mtu mzima, mkazi wa Temeke upande wa kuelekea Kurasini. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Mguu ulirudi nusu, mkono haukurudi. Kwenye kadi yake, mahali palipoandikwa "lengo la mgonjwa", muuguzi wa hospitali alikuwa ameandika kama alivyoambiwa: Kula na wenzangu. Katika ripoti nililigeuza kuwa "kuboresha matumizi ya mkono", kwa kuwa kula kulionekana jambo dogo mno kwa wafadhili. Nilijua ukubwa wake. Kwao chakula huliwa katika sinia moja, na mkono wa kushoto hauingii siniani. Una kazi zake nyingine. Dini inamsamehe mwenye udhuru, lakini yeye hakujisamehe. Tangu atoke hospitali alikuwa akila peke yake chumbani, mlango umerudishwa, wengine wakiwa wamekwisha nawa. Alichokuwa akikitaka kwetu ni kurudi kwenye mkeka.

Simu aliyoitumia ilikuwa ya jirani yake, wakala wa kutoa mizigo bandarini, ambaye aliwekewa laini kwa ajili ya biashara. Kila Jumanne saa nne mama alijikokota hadi sebuleni kwa wakala, akasimama kando ya meza ya simu, nami nikapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Hali yako?"

"Nzuri, alhamdulillahi. Wazazi wazima?"

"Wazima. Mkono unaendeleaje?"

"Vizuri, twamshukuru Mungu. Na huko kazini? Yule mkubwa wenu hajambo?"

"Hajambo, mama. Mazoezi unafanya?"

"Nafanya, mwanangu. Nafumbata kama ulivyosema. Sauti yako nzuri kwenye kanda, utadhani mtangazaji wa redio!"

"Ahsante. Na vidole?"

"Vipo, twamshukuru."

Hapo alivuta pumzi. Naikumbuka hadi leo ile pumzi, na hata wakati ule niliitambua: ni ile ya mtu anayekohoa na kutazama chini. Lakini nyuma yake nilimsikia wakala akisema, "Mama, fupisha bwana, nangojea simu ya meli mie." Nami nilikuwa nimebakiwa na wagonjwa sita.

"Haya, baba, haya. Simu ya watu hii, mwanangu. Tutazungumza."

Nzuri, nzuri, nzuri, nzuri, nzuri. Wiki kumi na nne mfululizo. Hakuna mgonjwa mwingine aliyekuwa na fomu nadhifu kama zake. Mkurugenzi alizipanga mezani kama karata, akasema huyu ndiye mgonjwa wetu wa mfano, na kwa kuwa wafadhili walikuwa wanakuja kutukagua, basi watapelekwa kwake. Nikatumwa nitangulie nikamwandae.

Hiyo ndiyo siku niliyomwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, kanga moja kajifunga, nyingine kajitanda hadi mkono wa kulia ukapotea ndani yake.

"Kumbe ndo wewe! Mie nilidhani mtu mzima, sauti yenyewe ile. Kumbe mtoto tu, tena mwembamba. Hawakulishi huko?"

"Wananilisha, mama. Nimekuja kuuangalia mkono. Kuna wageni watakuja kukuona."

"Mkono upo. Kunywa chai kwanza."

Nilikunywa chai. Aliniuliza kwetu wapi, baba anafanya nini, kwa nini sijaoa, na kama wasomi siku hizi huoana kwa barua. Nilicheka. Nikamwuliza hali ya mguu, ya usingizi, ya watoto wake walio mbali, vyote vizuri. Kikombe kilipofika chini, alivuta ile pumzi yake, na safari hii hapakuwa na meli ya mtu yeyote inayongojewa.

"Tunaendelea vizuri, mwanangu. Lakini mkono umenifungia mlango."

Akaifunua kanga. Kifundo kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, na vidole vyote vinne vimekikandamiza kidole gumba ndani ya ngumi iliyokaza hadi ngozi ya juu ikawa inang'aa. Nilijaribu kuingiza ncha ya kidole changu kati ya vidole vyake, hakikuingia. Palitoka harufu ya kitu kilichokosa hewa. Mpira wa tenisi, aliniambia, uliacha kuingia tangu wiki ya tisa, akawa anafumbata hivyo hivyo bila mpira, asubuhi, adhuhuri na alasiri, akihesabu pamoja na sauti yangu.

"Nilivyozidi kufumbata ndivyo ulivyozidi kukaza. Nikasema labda ndo unapona, dawa haina raha."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Nikwambie vipi? Nimesimama sebuleni kwa watu, mwenye nyumba kanikodolea macho, makochi yake bado yana nailoni, hata kukaa naogopa. Nianze kutangaza habari za mwili wangu pale? Na wewe unauliza mbio mbio kama karani wa sensa. Mtu huanza na salamu. Ningefika tu."

"Ungefika lini, mama?"

"Ungenyamaza kidogo."

Kesho yake nilimchukua yule mzee wa viungo, bila kumwambia mkurugenzi. Alikuja na taulo na kipande cha sabuni katika mfuko wa plastiki. Alipiga magoti mbele ya kigoda, akasema, "Mama, niruhusu," akangoja akubali. Hakuvivuta vidole. Aliushika mkono chini ya kifundo na kuukunja zaidi kule kule ulikokuwa umepindia, taratibu, na vidole vikalegea vyenyewe kama vya mtu aliyesinzia. Kiganjani kucha zilikuwa zimechora vidonda vinne, kimoja kibichi. Aliosha kwa maji ya uvuguvugu, akakausha, akakata kucha moja moja. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakubishana na mtu.

Tulipotoka nje akanikamata kiwiko.

"Nani kawaambia mpira? Mkono wa kiharusi unajifunga wenyewe, nyie mnaufundisha kujifunga zaidi? Huu hufunguliwa! Kila siku hufunguliwa! Mjinga gani huyo?"

"Mpira umo kwenye kanda," nilisema. "Kanda umeisaini."

Akaniachia kiwiko. Tulisimama pale kwenye mchanga, wajinga wawili, mmoja mwenye shahada na mmoja mwenye kalamu ya wino.

Mama alikuwa ametufuata hadi mlangoni. "Baba mganga," alisema, "nitakula lini na wenzangu?"

Mzee alilikunja taulo lake. Alisema miezi ile ya mwanzo ndiyo iliyokuwa ya kuuokoa mkono. Sasa tutakuwa tunauosha usioze. Alisema mama anaweza kuzoea kijiko, kwa mkono wa kushoto.

"Kijiko," mama alisema. Akajitanda kanga yake, akarudi ndani.

Mkurugenzi nilimweleza siku hiyo hiyo. Alinisikiliza akigeuzageuza kalamu.

"Fomu zinasemaje?"

"Zinasema nzuri. Lakini..."

"Kijana, hapa tunafanya kazi kwa data. Nani kasema nzuri? Wewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi. Wewe ni nani umkatalie mgonjwa hali yake?"

Sijawahi kusikia hoja chafu iliyooshwa vizuri namna ile, na nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo. Aliongeza kwamba mkataba wangu unakwisha mwezi ujao na ungekuwa wa kuangaliwa upya.

Wageni walikuja wawili, mwanamume na mwanamke, wa makamo, wapole. Nalazimika kusema kwamba walikuwa wapole. Walivua viatu bila kuambiwa, wakakaa mkekani. Mkurugenzi alibaki amesimama kwa kuogopa mikunjo ya suruali. Mimi nilikuwa mkalimani. Mama alikuwa ameficha mkono ndani ya kanga, akawapa wa kushoto huku akiomba radhi. Yule mwanamke akauliza mkono unaendeleaje.

"Vizuri, twamshukuru Mungu," alisema mama.

Nikatafsiri. Mkurugenzi akatabasamu. Na wageni, labda kwa kuwa hawakuwa na la kusema, wakanyamaza. Hawakuwa na fomu mikononi. Walikaa tu wakimtazama mama kwa upole wao, na kimya kikarefuka, na mimi niliyeijua lugha nikajua kinachokuja.

Akavuta pumzi. "Lakini waambie, mwanangu, kwamba mkono wangu wameufunga. Waambie nilikuwa nafuata kanda, sikukosa hata siku. Waambie simlaumu mtu, Mungu ndiye mpangaji, lakini wasiwape wengine ule mpira. Mie nilitaka kula na wenzangu tu. Hilo waambie."

Alisema yote hayo kwa utulivu, akinitazama mimi, siyo wao. Wageni walinigeukia. Mkurugenzi naye alinigeukia. Akilini nilimwona baba yangu akisubiri ndege ipite ili aendelee na nasaha zake.

Nilisema, kwa Kiingereza kisicho na kosa, kwamba mama anawashukuru sana, na anawatakia safari njema.

Wakafurahi. Yule mwanamke akaweka mkono kifuani. Mama alinitazama, akamtazama yule mgeni anayetabasamu, akanirudia mimi.

"Kizungu kifupi hicho," alisema.

Mkurugenzi akacheka, akidhani ni utani. Mkataba wangu uliongezwa mwaka mmoja, nikaandika ripoti yenye jalada la bluu, na ndani yake mkono ukapona. Mipira niliiondoa kwenye kabati kimya kimya, nikaifuta sehemu ile kwenye kanda kwa kurekodi juu yake, na sikumwambia mtu kwa nini. Nilijiona shujaa kwa hilo kwa siku mbili tatu. Yule mzee aliacha kazi wiki ile ile ya wageni. Nilisikia alikuwa akienda Temeke kila Alhamisi na taulo lake, akaenda hivyo kwa zaidi ya mwaka, akiuosha mkono usiofunguka. Hakunialika, na mimi sikujialika.

Siku ya mwisho ya mradi, wafadhili walipohamia jambo jingine, vyumba vilikuwa vimebaki vitupu, simu ikiwa juu ya sakafu. Ilikuwa Jumanne, saa nne, saa ya mama. Nikakaa chini nikapiga namba ya wakala. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote, na zaidi ya kusema, nilikuwa nimejiandaa kunyamaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Hali yako, mama?"

"Nzuri."

"Nyumbani?"

"Wazima wote."

"Na mkono?"

"Vizuri, twamshukuru Mungu."

Nikanyamaza. Hapakuwa na fomu wala mgonjwa mwingine, na upande wa pili sikumsikia wakala. Labda meli zake zilikuwa zimefika zote. Laini ilikuwa safi kuliko siku yoyote. Nilisubiri ile pumzi. Nilimsikia akihema kwa kawaida, kama mtu aliyesimama dirishani akitazama nje, asiyemngojea yeyote. Nilisubiri hadi sikio likaniuma.

"Mama?"

"Naam."

"Hakuna jingine?"

"Hakuna, mwanangu. Salama tu. Haya, nisalimie wazazi wako. Simu ya watu hii."